Je, Ni Lini?

Taarifa Rasmi ya Bunge, ile ambayo wengi wetu tunaiita Hansadi, huanza karibu kila siku kwa mpangilio uleule: dua, hati za kuwasilisha mezani, kisha maswali. Swali lina namba. Chini ya namba kuna kichwa kifupi, mara nyingi jina la kijiji pamoja na kitu ambacho kijiji hicho hakina. Halafu jina la mbunge, neno "aliuliza", na sentensi mbili tatu. Basi. Mbunge wa jimbo lenye watu kwa maelfu amesubiri wiki kadhaa, pengine miezi, ili apate mistari hiyo michache.

Napenda kuzisoma kurasa hizo, hasa maswali yanayotoka Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara. Kwa mtu aliyezoea hotuba za kampeni zinaonekana kavu. Lakini ukizisoma kwa mfululizo wa miaka, unaanza kuona kuwa kuna wabunge wanaouliza na kuna wabunge wanaojua kuuliza. Kujua kuuliza ni ufundi, na naamini haujapewa heshima yake. Tunamsifu mbunge kwa sauti yake, kwa msafara wake, kwa mabati aliyogawa. Ni mara chache tunamsifu kwa sentensi aliyoijenga vizuri hadi Serikali ikashindwa kuipita bila kugusa.

Tuchukue boma la zahanati. Watu wa Mara hawahitaji kuelezwa boma lilivyo: kuta zimefika usawa wa renta, madirisha ni matundu, ndani majani yameota, na pembeni kuna tofali zilizobaki zinazomomonyoka kila masika. Wananchi walichanga, wakasomba mawe na mchanga, fundi akapandisha kuta, fedha zikaisha. Tangu ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule wa MMAM, mwaka 2007, sera ilikuwa kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya, kwa hiyo maboma ya namna hii yalisimama nchi nzima. Serikali nayo ikaweka utaratibu wa kusaidia kuyakamilisha, shilingi milioni 50 kwa boma la zahanati. Kati ya boma na hizo milioni 50 yupo mbunge.

Mbunge asiyeijua kazi atauliza: Serikali ina mpango gani wa kuboresha huduma za afya katika jimbo langu? Hilo ni swali linalomfurahisha Naibu Waziri. Atasimama, atasoma sera, atataja idadi ya vituo vilivyojengwa nchini, atataja bajeti ya mwaka, ataketi. Kila alichosema ni kweli, na boma liko vilevile.

Mwenye ufundi huanza mbali na Dodoma. Anakwenda kwa mtendaji wa kijiji na kuomba kuona kumbukumbu za mkutano. Ujenzi ulianza mwaka gani? Kila kaya ilitoa kiasi gani? Barua ya kuomba fedha iliondoka halmashauri lini, na ina kumbukumbu namba ngapi? Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku anapelekwa wapi, ni kilomita ngapi, na mto ulioko njiani haupitiki miezi gani? Akishapata hayo ndipo anakaa na kuandika. Wananchi wa kijiji fulani wamejenga boma la zahanati hadi hatua ya renta kwa nguvu zao wenyewe. Je, ni lini Serikali itatoa fedha za kulikamilisha?

Swali la namna hiyo linadai tarehe. Waziri anaweza kulikwepa, na mara nyingi hulikwepa kwa maneno tuliyoyazoea: fedha zitatolewa kwa kadri zitakavyopatikana, upembuzi yakinifu unaendelea, taratibu za manunuzi ziko hatua za mwisho. Lakini akikwepa, kukwepa kwenyewe kunaandikwa, pamoja na siku na jina lake na cheo chake. Mwaka unaofuata mbunge anarudi na ukurasa uleule mkononi. Kwa sababu hiyo nawapenda wabunge wanaotunza majibu waliyopewa kuliko wale wanaotunza picha.

Kisha yako maswali ya nyongeza, mawili kwa aliyeuliza swali la msingi. Hapo ndipo unapomjua fundi. Swali la msingi liliandikwa nyumbani, likapita ofisi ya Katibu wa Bunge, wizara ikakaa nalo na kulitafutia jibu. La nyongeza linazaliwa palepale, mara tu Naibu Waziri anapoketi, na linamtaka mbunge awe amesikiliza kweli. Wengi huwa wameshayaandika hata maswali ya nyongeza, wakayasoma bila kujali walichojibiwa. Ukisoma Hansadi unawaona wazi, kwa sababu wanauliza kitu ambacho kimejibiwa dakika moja iliyopita. Aliyesikiliza atakuwa amegundua kwamba jibu limetaja fedha zilizotengwa, wala halikutaja zilizotoka. Kwa mtu wa kijijini tofauti hiyo ndiyo kila kitu. "Pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri," atasema, maana ndivyo wanavyosema wote, "je, kati ya fedha hizo ni kiasi gani kimeshaingia kwenye akaunti ya halmashauri?" Sasa Naibu Waziri hana pa kusoma. Kama wataalamu wake wamemwandalia takwimu, ataitoa. Kama hawakumwandalia, ataahidi kuileta, na ahadi hiyo nayo imeshaandikwa.

La pili mara nyingi huwa hili: je, Naibu Waziri yuko tayari kuongozana nami akajionee mwenyewe? Kuna wanaoliona kuwa swali la kupoteza nafasi. Mimi naliheshimu. Kiongozi wa wizara akitangaza kwamba atafika kijiji fulani, mkurugenzi wa halmashauri hulazimika kulitafuta faili la kijiji hicho kabla ya msafara kuwasili, mhandisi wa wilaya huenda kupima kuta ambazo hajawahi kuziona, na mganga mkuu huulizwa habari za watumishi. Kazi nyingi hufanyika katika siku hizo za maandalizi, hata kama ziara yenyewe ni ya nusu saa.

Chombo hiki ni kikongwe. Swali la kwanza la bungeni linalokumbukwa kwa maandishi liliulizwa mwaka 1721 katika Bunge la Mabwana la Uingereza, pale Earl Cowper alipotaka Serikali iseme kama ni kweli kwamba Robert Knight, mtunza fedha wa kampuni ya South Sea aliyekimbilia nje ya nchi, amekamatwa. Hisa za kampuni hiyo zilikuwa zimeporomoka na akiba za watu wengi. Kwa hiyo hata hapo mwanzo jambo lilikuwa fedha za watu na nani anawajibika. Nchi nyingi zimerithi utaratibu huo. Huko Ireland, wabunge wa Dáil hupeleka maswali ya maandishi kwa maelfu kila mwaka, na wikendi hukaa majimboni kusikiliza shida za mtu mmoja mmoja: kitanda cha hospitali, pensheni iliyochelewa, leseni ya duka dogo. Mwananchi wa Bunda angewaelewa mara moja.

Nasi tuna historia yetu, na sehemu yake imetoka Butiama. Mwaka 1957 Julius Nyerere aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Alipoona kwamba kila anachopendekeza kinakataliwa, alijiuzulu Desemba mwaka huohuo na kueleza hadharani kwa nini. Mara nyingi tendo hilo linasimuliwa kama ushujaa wa kisiasa, na lilikuwa hivyo. Mimi naliona pia kama uamuzi wa mtu aliyejua thamani ya kiti: kukaa mahali ambapo swali lako haliwezi kumlazimisha mtu yeyote kujibu ni kupoteza muda wa waliokutuma.

Bunda inajua bei ya kiti kuliko majimbo mengi. Mwaka 1995 Stephen Wasira, akiwa NCCR-Mageuzi, alimshinda Joseph Warioba, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Mahakama ikautengua ushindi huo, na kesi yao bado inatajwa na wanasheria kila inapokuja hoja ya kupinga matokeo. Miaka 20 baadaye, mwaka 2015, Ester Bulaya wa Chadema alimshinda Wasira, ambaye safari hii alikuwa CCM, katika Bunda Mjini. Kesi ikafunguliwa tena, nayo ikashindwa. Watu wanaogombania kiti namna hii wana haki ya kudai kitumike sawasawa.

Bulaya alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuingia bungeni mwaka 2010 kwa viti maalumu, na hilo linaonekana katika kazi yake. Anajua kuanza na mtu halafu akaja na hesabu. Siku zake za ukali zinajulikana. Juni 2017 yeye na mbunge mwenzake wa Chadema, Halima Mdee, walisimamishwa kuhudhuria Bunge hadi mkutano wa bajeti wa mwaka uliofuata, na mwaka mzima wa kimya ni gharama kubwa kwa jimbo lolote, hata ukiamini kwamba walionewa. Kinachonivutia kwake ni jinsi alivyolishikilia jambo moja lisilo na picha nzuri wala jiwe la msingi la kuzindua, nalo ni mafao ya wafanyakazi.

Habari yenyewe inahitaji subira kuielewa, na hiyo ndiyo sababu wengi huikimbia. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF. Kanuni zilizofuata zikaweka kikokotoo kipya: mstaafu angepewa kwa mkupuo asilimia 25 ya mafao yake, kilichobaki akilipwa kidogokidogo kila mwezi. Waliokuwa PSPF na LAPF walikuwa wamezoea asilimia 50. Mwalimu wa shule ya msingi aliyepanga kumalizia nyumba kwa mkupuo huo, au muuguzi aliyetaka kufungua duka la dawa, alijikuta mipango yake imekatwa nusu miezi michache kabla ya kustaafu. Kelele zikawa kubwa, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akasitisha kanuni hizo na kurudisha utaratibu wa zamani kwa kipindi cha mpito hadi 2023. Julai 2022 kikaja kikokotoo kingine, asilimia 33 kwa wote. Juni 2024, katika bajeti, Serikali ikapandisha tena: waliokuwa wameshuka kutoka 50 wakapewa 40, na waliokuwa 25 kabla ya kupanda hadi 33 wakapewa 35.

Hakuna mbunge mmoja anayeweza kusema ni yeye aliyeyafanya hayo. Vyama vya wafanyakazi vilikuwapo, wabunge wa pande zote walisema. Lakini Bulaya alikuwa miongoni mwa waliolishikilia tangu mwanzo, pamoja na lile la fao la kujitoa kwa wanaoachishwa kazi kabla ya umri, na aliendelea nalo hata baada ya 2020 aliporudi bungeni kwa viti maalumu katika uteuzi uliozua mgogoro mrefu na chama chake. Bandu bandu huisha gogo. Ukilinganisha 25 na 40 unaona kilichobanduka, na unaona pia kuwa gogo bado lipo.

Upande wa vijijini wa Bunda kuna swali lingine ambalo halizeeki, nalo ni tembo. Vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Serengeti na mapori ya jirani hulala macho msimu wa mavuno. Kundi la tembo likiingia kwenye mtama au mahindi, kazi ya miezi mitano inamalizika kabla ya kupambazuka. Serikali ina malipo yake kwa hasara hiyo, kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeuawa. Kwa kanuni za mwaka 2011, familia iliyopoteza mtu ilipewa shilingi milioni 1. Mazao yalilipwa kwa ekari, kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kutegemea shamba liko umbali gani kutoka mpaka wa hifadhi, na hesabu ikaishia ekari 5.

Boniface Getere, aliyekuwa mbunge wa Bunda tangu 2015, alilisimamia jambo hili kwa uchungu ambao hauigizwi. Ufundi wake ulikuwa tofauti kabisa na wa Bulaya: maneno ya kawaida ya mkulima, sauti ya mtu aliyelishuhudia shamba asubuhi. Wengine wangeuita kelele. Mimi naona kuwa kuna mambo ambayo yakisemwa kwa lugha ya wizara yanapoteza ukweli wake. Ukisema "migongano baina ya binadamu na wanyamapori", umeshamtoa mama aliyekesha akipiga debe. Getere hakumtoa. Lakini hesabu nayo lazima iwepo, na maswali yenye nguvu zaidi kuhusu tembo ni yale yanayouliza madai ya msimu uliopita yamelipwa mangapi, maana mkulima akijaza fomu leo halafu alipwe baada ya misimu miwili, atakuwa ameshakopa mbegu mara mbili.

Sasa tugeukie ziwani. Jimbo la Musoma Vijijini lina kata 21, vijiji 68 na vitongoji 374. Nazijua namba hizo kwa moyo kwa sababu taarifa za ofisi ya mbunge wake, Profesa Sospeter Muhongo, huzirudia mara kwa mara. Muhongo ni mwanajiolojia. Alikuwa Waziri wa Nishati na Madini mara mbili kati ya 2012 na 2017, na amekuwa mbunge wa jimbo hilo tangu uchaguzi wa 2015. Uwaziri wake una watetezi na wapinzani, na sitaingia huko. Nazungumzia taarifa zake.

Taarifa hizo zimeandikwa kwa umbo moja. Kwanza jina la kijiji na kata. Kisha tatizo: wanafunzi wanatembea umbali gani kwenda sekondari ya kata jirani, au wagonjwa wanafuata huduma wapi. Kisha wananchi wamefanya nini: wamesomba mawe, mchanga, kokoto na maji ya ujenzi, wamechanga fedha. Kisha mbunge ametoa nini, mifuko ya saruji au mabati. Kisha Mfuko wa Jimbo, ule uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, umenunua nini. Mwisho halmashauri na Serikali Kuu. Picha zinafuata: msingi, kuta, kenchi, bati. Ukizipanga taarifa za kijiji kimoja kwa tarehe unaona jengo likipanda. Kuna harambee zinazofanyika kijijini penyewe, mwanakijiji akiahidi mfuko mmoja wa saruji mbele ya majirani zake, na ahadi inaandikwa. Kuna kituo cha afya kwenye Kisiwa cha Rukuba, mahali ambapo zamani mgonjwa mahututi alitegemea mtumbwi na hali ya ziwa. Kusafirisha tofali na saruji kwa maji si jambo dogo, na kila tripu ni gharama.

Lipo jambo linalonisumbua katika utaratibu huu, na ningekuwa sisemi kweli kama ningelinyamazia. Mwananchi anayesomba mawe ameshalipa kodi. Amelipa kwenye sukari, kwenye mafuta ya taa, kwenye muda wa maongezi. Anapombebea mhandisi maji ya kuchanganyia zege analipa mara ya pili, na mwenye ndoo kichwani kwa kawaida ni mwanamke. Kijiji chenye wavuvi na mifugo kinaweza kuchanga haraka. Kijiji kilichokosa mvua kinabaki na msingi. Tukiridhika na harambee peke yake, tutakuwa tumewaachia maskini wajenge Serikali.

Lakini hapa ndipo kazi mbili zinapokutana, ya mawe na ya maneno. Mbunge anapokwenda Dodoma akiwa na taarifa kamili ya kila tofali, hasimami tena kuomba. Anasimama kudai. Wananchi wametimiza sehemu yao, ushahidi huu hapa, kwa tarehe na kwa shilingi. Sehemu ya Serikali iko wapi? Naibu Waziri hawezi kumwambia mtu huyo kwamba wananchi wahamasishwe. Wameshahamasika hadi kwenye kenchi.

Butiama ilionja njia nyingine wakati wa Nimrod Mkono, wakili aliyekuwa mbunge wa Musoma Vijijini na baadaye wa Butiama, aliyefariki Aprili 2023. Mkono alijenga shule kwa wingi, na alitoa mfukoni mwake. Shule ya Sekondari Oswald Mang'ombe, aliyoijenga, ndiyo iliyotolewa ili Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kipate pa kuanzia. Ukarimu huo hauhitaji kutafutiwa kasoro. Ila si kila jimbo litampata tajiri mwenye moyo, na jimbo lililomzoea humhukumu vibaya mrithi wake asiye na fedha hata kama ni muulizaji hodari. Kwa upande wa maji, wilaya hiyo ilisubiri chombo kikubwa kuliko mfuko wa mtu: mradi wa kutoa maji ziwani Mugango hadi Kiabakari na Butiama, uliotajwa bungeni mwaka baada ya mwaka na hatimaye kujengwa kwa fedha za Serikali pamoja na wafadhili wa Kiarabu, BADEA na Mfuko wa Saudia. Watu wa Butiama waliishi miaka mingi wakiliona ziwa kwa mbali huku ndoo zikiwa tupu.

Lakini anayetaka kuona swali lilivyoishi kuliko waliouliza aende Kwangwa, Musoma. Hospitali kubwa ya mkoa ilianza kujengwa hapo mwishoni mwa miaka ya 1970. Ikasimama. Watoto waliozaliwa wakati huo wakasoma, wakaoa, wakapata wajukuu, na magofu yakaendelea kuonekana kutoka barabarani, huku wagonjwa wakibanana katika hospitali ya zamani mjini. Kiti cha Musoma Mjini kilikuwa cha Vedastus Mathayo wa CCM, mwaka 2010 kikaenda kwa Vincent Nyerere wa Chadema, mwaka 2015 kikarudi kwa Mathayo. Vyama vilibadilishana, Kwangwa ikabaki kwenye orodha ya hoja. Kazi iliporejea kwa nguvu katika awamu ya tano na wagonjwa wakaanza kupokelewa, jengo lilikuwa limebeba umri wa kizazi kizima. Leo linaitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere. Wakati wa ufunguzi husifiwa aliyetoa fedha, na ni haki yake. Mimi ningetaka pia isomwe orodha ya wote waliouliza.

Kuhusu biashara, Mara ina maswali ambayo bado hayajapata fundi wake. Musoma ilikuwa na kiwanda cha nguo cha MUTEX, na viwanda vya minofu ya sangara vilivyoajiri vijana kwa zamu usiku na mchana. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria mji ulitikisika, na baada ya soko kufunguliwa sangara wenyewe wakaanza kupungua. Vizimba vya kufugia sato, ambavyo Serikali ilianza kuvikopesha kwa vikundi bila riba, vimeleta matumaini kwenye mialo. Hapo swali zuri halipaswi kuishia idadi ya vizimba vilivyogawiwa. Chakula cha samaki kinatoka wapi na kwa bei gani? Vifaranga je? Kikundi kikipata hasara msimu wa kwanza, mkopo unasimamaje? Mkulima wa pamba wa Bunda ana yake pia: msimu wa 2019 wakulima wengi walipeleka pamba kwenye vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, wakakaa miezi bila malipo, kisha wakaambiwa waongeze uzalishaji. Sijasoma bado swali lililolikamata jambo hilo kama Bulaya alivyolikamata lile la kikokotoo.

Ipo pia silaha ya mwisho, ya wakati wa bajeti. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi na kufikia mshahara wa Waziri, mbunge anaweza kutaka ufafanuzi, na asiporidhika akakusudia kuondoa shilingi moja katika mshahara huo. Tunaita kushika shilingi. Kwa dakika chache Waziri mwenye bajeti ya mabilioni anasimama kutetea shilingi moja, wabunge wengine wanaruhusiwa kuchangia, na jambo la kata moja linakuwa la nchi. Mwenye papara huishika kwa jambo pana na kuirudisha baada ya maneno matamu. Mwenye ufundi huishika kwa kitu kimoja kinachopimika.

Barabara ya Musoma, Makojo hadi Busekera, kwa mfano, ina kilomita 92 na inapita katikati ya kata zenye wavuvi, mihogo na wanafunzi wengi. Kipande chake cha kwanza cha lami kilikuwa cha kilomita 5. Mbunge akiishika shilingi ya Waziri wa Ujenzi kwa barabara hiyo, asiulize umuhimu wake. Kila mtu anaujua. Aulize mkandarasi wa kipande kinachofuata atasaini mkataba mwezi gani, na kwa kilomita ngapi. Waziri atasimama mara ya kwanza na kueleza historia ya mradi. Atasimama mara ya pili na kusema atampatia Mheshimiwa majibu hayo kwa maandishi. Shilingi itarudishwa, kwa sababu saa imekwisha na mafungu yaliyobaki lazima yapitishwe. Mwezi Julai, Bunge likishaahirishwa na wengine wakiwa wamepumzika, barua ya mbunge huyo inatakiwa iwe imeshafika wizarani kuyadai hayo maandishi, ikinukuu tarehe ya kikao na namba ya ukurasa, na nakala yake iwe kwenye mbao za matangazo za vijiji vyote ambavyo barabara inapita.